Kuchora Mandhari Yenye Kina: Mwongozo Kamili wa Perspektivu

Barabara inayoonekana kama ukuta uliosimamishwa. Meza inayotaka kumwaga vikombe. Watu wa mbali wanaoelea juu ya mapaa. Makosa haya yanajirudia kwenye michoro ya wanaoanza na hata ya waliochora miaka mingi, na ingawa yanaonekana matatu, mzazi wao ni mmoja: mchoraji hakuamua jicho lake liko wapi kabla ya kushika rula, au aliamua kisha akasahau.

Kwa hiyo katika perspektivu, yaani ufundi wa kuonyesha kina na umbali kwenye karatasi bapa, tunaanza na jicho, mistari inafuata, giza na mwanga vinakuja mwisho. Usiruke hatua. Ya tano haifanyi kazi kama ya kwanza imelegea.

## Vifaa

- Karatasi ya A3 (sm 42 kwa 29.7), ilalie upana. A4 inabana mno kwa mazoezi haya.
- Penseli tatu: 2H kwa mistari ya kazi, HB kwa mchoro wenyewe, 2B kwa giza. Ile ya 2H usiikandamize. Ni ngumu, inachimba mfereji kwenye karatasi, na mfereji haufutiki.
- Rula ndefu, sm 60 au zaidi. Ukikosa, ubao wowote wenye ukingo ulionyooka unatosha.
- Kifutio laini.
- Tepu ya karatasi, pini mbili, na uzi wa mita moja na nusu hivi.
- Ubao au meza yenye upana wa angalau mita moja. Sababu utaiona kwenye hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Amua jicho liko wapi

Chora mstari mmoja wa mlalo kutoka ukingo hadi ukingo, sm 13 kutoka chini ya karatasi. Huu ndio mstari wa upeo.

Wengi hudhani upeo ni pale milima inapokutana na mbingu. Sivyo. Upeo ni kimo cha macho yako kikiwa kimenyooshwa mbele. Hata ndani ya chumba kisicho na dirisha upo. Ukikaa chini unashuka nawe, ukipanda ghorofani unapanda nawe.

Pembeni mwa mstari andika kimo hicho kwa 2H: *macho m 1.5*. Namba hiyo inaonekana ya kitoto, lakini utaitumia kupima kila kitu kwenye hatua ya 3.

Usiweke upeo katikati kabisa ya karatasi, maana mchoro utakatika vipande viwili vyenye uzito sawa na jicho litakosa pa kukaa. Ukitaka anga kubwa, ushushe. Ukitaka kuonyesha uwanja na watu wengi, upandishe.

Onyo: mchoro mmoja, upeo mmoja. Ukichora nyumba leo na watu kesho, wachore watu hao kwa upeo uleule wa jana. Hapa ndipo michoro mingi mizuri hufia.

## Hatua ya 2: Mtaa wenye nukta moja

Tia nukta kwenye mstari wa upeo, sm 17 kutoka ukingo wa kushoto. Tuiite N. Ni nukta ya kutokomea: mistari yote inayokwenda moja kwa moja mbele yako, ikiwa sambamba, hukimbilia hapo.

1. Sm 3 kutoka ukingo wa kushoto, chora mstari wa wima unaoanzia sm 9 chini ya upeo na kupanda sm 24. Hii ni kona ya karibu ya jengo.
2. Kutoka juu ya mstari huo na kutoka chini yake, vuta mistari myepesi hadi N. Huo ni ukuta unaokwenda mbali.
3. Amua ukuta unaishia wapi, kisha ufunge kwa mstari mwingine wa wima kati ya hiyo miwili.
4. Upande wa kulia wa N fanya vivyo hivyo kwa jengo la pili. Ukingo wa barabara na ukingo wa kibaraza vyote vinaelekea N.

Katika mandhari ya namna hii kuna aina tatu tu za mistari: ya wima, ya mlalo, na inayokwenda N. Tukiacha paa na vitu vilivyoinama, ukikuta mstari wa aina ya nne, jiulize umetoka wapi.

Dalili ya mafanikio: kila kilicho juu ya upeo kinashuka kuelekea N, na kila kilicho chini kinapanda. Dirisha la ghorofani ambalo ukingo wake wa juu unapanda kadiri linavyokwenda mbali limekosewa, hata kama limepambwa vipi.

## Hatua ya 3: Vimo, na rula iliyofichika chini ya miguu

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu hila hii moja inaondoa nusu ya ubahatishaji.

Kama ardhi ni tambarare na macho yako yako mita 1.5 juu yake, basi umbali kutoka chini ya kitu *chochote* hadi mstari wa upeo ni mita 1.5, kiwe karibu au mbali. Kila kitu kimebeba rula yake mwenyewe.

Rudi kwenye kona ya jengo la hatua ya 2. Chini yake iko sm 9 chini ya upeo. Sm 9 ni mita 1.5, kwa hiyo sm 6 ni mita moja. Sm 24 ulizochora ni ukuta wa mita 4. Mlango wa mita 2 palepale kwenye kona utakuwa na sm 12, yaani utapita juu ya upeo kwa sm 3.

Sasa mweke mtu mbali zaidi barabarani. Nyayo zake ziko sm 3 chini ya upeo. Sm 3 ni mita 1.5, basi sm 2 ni mita moja. Mtu wa mita 1.6 atakuwa na sm 3.2, na macho yake yatagusa upeo. Mtoto wa mita moja aliyesimama pembeni yake atakuwa na sm 2, na utosi wake utabaki sm 1 chini ya upeo.

Umeona kinachotokea? Watu wazima wote wenye kimo kama chako wanapangika macho yao kwenye mstari mmoja, wawe mita 3 au mita 300 kutoka kwako. Kinachobadilika ni nyayo: za wa mbali ziko juu zaidi kwenye karatasi. Wanaochora kundi la watu kwa kupandisha vichwa kadiri wanavyokwenda mbali ndio hupata wale wanaoelea.

Ukiwa umeketi, sema macho m 1.1, upeo utawakata waliosimama karibu na kifua, na utawakata wote mahali hapohapo. Ardhi ikiinuka au kushuka kanuni hii haishiki. Mtu aliye mlimani atakuwa na kichwa juu ya upeo, na ni sawa.

## Hatua ya 4: Kona inayokutazama, nukta mbili

Jengo lililokugeuzia kona halina uso unaokutazama moja kwa moja, kwa hiyo lina nukta mbili za kutokomea, moja kila upande. Zote mbili ziko kwenye upeo.

1. Bandika karatasi mpya katikati ya ubao kwa tepu. Chora upeo, kisha uendeleze nje ya karatasi pande zote mbili, moja kwa moja kwenye ubao au kwenye vipande vya tepu.
2. Choma pini mbili kwenye upeo huo. Umbali kati yake uwe angalau mara mbili ya upana wa mchoro. Ukitumia A3 nzima, ni sm 84. Ndiyo maana uliambiwa utafute meza pana.
3. Pini zisilingane. Moja iwe karibu na kona ya jengo, nyingine mbali nayo. Ukuta unaokuelekea zaidi huenda kwenye pini ya mbali, na ule unaoonekana kwa upande huenda kwenye ya karibu.
4. Chora kona ya karibu kwa mstari wa wima. Funga uzi kwenye pini, uvute hadi juu ya kona uone njia, kisha weka rula juu ya njia hiyo na uchore. Rudia kwa chini ya kona, halafu kwa pini ya pili.
5. Funga kuta mbili kwa mistari ya wima.

Kosa kuu hapa ni kubana nukta zote mbili ndani ya karatasi kwa sababu rula ni fupi. Jengo linatoka na kona kali kama ncha ya mshale. Kujipima, chukua karatasi nyingine na uweke kona yake, ambayo ni nyuzi 90, kwenye kona ya chini iliyo karibu zaidi nawe. Mistari miwili ya chini ya jengo lazima ifunguke zaidi ya kona hiyo ya karatasi. Ikijificha chini yake, pembe yako ni kali mno: sogeza pini mbali, au punguza jengo.

Majengo mawili yasiyo sambamba yana nukta tofauti, kila moja na jozi yake. Hilo halina shida. Shida ni pale jozi ya pili inapowekwa juu au chini ya upeo.

## Hatua ya 5: Kugawa umbali bila kukisia

Nguzo za umeme, madirisha, vigae. Jicho la mtazamaji linasamehe mengi, ila nafasi zilizokisiwa hulikera mara moja. Nafasi hazipungui kwa kiwango kilekile kila mara, wala hazipungui kwa nusu nusu. Zipime hivi.

Katikati ya ukuta. Chora mishazari miwili kutoka kona hadi kona. Inapokatana ndipo katikati halisi, na utaona iko mbali kidogo na ile ambayo rula ingekupa. Nusu ya karibu lazima iwe pana kuliko ya mbali.

Nguzo zilizo sawa. Chora nguzo ya kwanza, kisha mstari wa vichwa na mstari wa miguu hadi N. Weka nguzo ya pili popote unapopenda. Hii ndiyo pekee unayoruhusiwa kukisia. Vuta mstari wa tatu kutoka katikati ya nguzo ya kwanza hadi N. Sasa, kutoka kichwa cha nguzo ya kwanza, piga mstari upite pale mstari wa kati unapokata nguzo ya pili, uendelee hadi ugonge mstari wa miguu. Hapo ndipo penye nguzo ya tatu. Kutoka kichwa cha pili pitia katikati ya tatu, unapata ya nne. Endelea.

Sehemu tano, au idadi yoyote. Gawa kona ya karibu ya ukuta, ile ya wima, katika sehemu tano sawa kwa rula. Kutoka kila alama vuta mstari hadi nukta ya kutokomea. Chora mshazari mmoja wa ukuta mzima. Kila mshazari unapokata mstari, simamisha mstari wa wima. Una madirisha matano yaliyopungua kwa haki.

Sakafu ya vigae. Kwa nukta moja, tia alama sawa kwenye ukingo wa chini wa mchoro, tuseme kila sm 3, na uzivute zote hadi N. Kisha tafuta nukta ya pili kwenye upeo, nje ya karatasi, iliyo mbali na N kwa umbali usiopungua upana wa mchoro. Kutoka kona ya chini iliyo upande wa pili, vuta mshazari hadi nukta hiyo. Kila unapokata mstari wa kwenda N, piga mstari wa mlalo. Hivyo vigae ni mraba kweli. Nukta hiyo ikisogezwa karibu na N, vigae vya mbele vinavutika kama mpira, kwa hiyo usiogope kuiweka mbali.

## Hatua ya 6: Mviringo

Duara likilazwa huwa duaradufu, yaani duara lililobanwa, na duaradufu haina ncha. Ukiona kikombe chako kina pembe mbili kali kushoto na kulia, umechora umbo la jani.

Kwa usahihi, anza na mraba. Chora kwanza kigae kimoja kwenye perspektivu, mishazari yake, na mistari miwili inayopita katikati. Pale mistari hiyo inapogusa pande za mraba, duara linagusa pia: nukta nne. Nne nyingine ziko kwenye mishazari. Kama ukingo wa mbele una sm 10, nusu yake ni 5. Kutoka katikati ya ukingo pima sm 3.5 kila upande, yaani saba ya kumi ya nusu, uvute hadi N. Mistari hiyo inapokata mishazari ndipo duara linapopita. Unganisha nane zote kwa mkono mmoja usiositasita, ukizungusha bega badala ya kifundo.

Kadiri duara linavyoshuka chini ya macho ndivyo linavyofunguka. Kwa hiyo kitako cha chupa iliyo mezani kina mviringo mnene kuliko mdomo wake. Wengi hunyoosha kitako kwa hoja kwamba meza ni bapa. Meza ni bapa kweli, ila jicho linaitazama kutoka juu.

## Hatua ya 7: Paa, mlima na ngazi

Paa la mgongo. Kwenye ukuta wa ubavuni, ule wenye pembetatu juu, chora mishazari upate katikati. Simamisha mstari wa wima kutoka hapo hadi kimo unachotaka na uunganishe na kona mbili za juu. Mgongo wa paa unaelekea nukta ileile ya ukuta mrefu. Usiweke kilele katikati kwa rula: paa litaonekana limeteleza.

Barabara ya mlima. Kingo za barabara inayopanda zinakutana *juu* ya upeo, wima juu ya N. Inayoshuka, chini yake. Lakini madirisha na misingi ya nyumba za pembeni bado yanakwenda N kwenye upeo, kwa sababu nyumba hazikuinama pamoja na barabara. Ukisahau hilo, mtaa mzima utaonekana unaporomoka.

Ngazi. Chora kwanza mteremko mtupu, kama ubao ulioegemezwa. Chini yake simamisha mstari wa wima, ugawe kwa idadi ya vidato, uvute alama hadi nukta ya ukuta wa pembeni. Zinapokata mteremko ndipo penye kona za vidato.

## Hatua ya 8: Kivuli na hewa

Kivuli cha taa kina nukta mbili: taa yenyewe, na sehemu ya sakafu iliyo chini yake wima. Kutoka hiyo ya sakafuni vuta mstari kupitia kitako cha kitu. Kutoka kwenye taa vuta mwingine kupitia kichwa chake. Vinapokutana ndipo kivuli kinaishia. Bila ile nukta ya sakafuni kivuli hakikai chini ya kitu.

Hewa ni rahisi zaidi. Vya mbali chora kwa 2H, vya kati kwa HB, vya karibu kwa 2B. Punguza pia vitu vidogovidogo huko mbali. Kuchora kila tofali la jengo la mwisho kunalileta mbele ya yote.

## Mchoro ukigoma

Meza inamwaga. Endeleza kingo zake za pembeni kwa rula hadi zikutane. Zikikutana juu ya upeo, umeinamisha meza. Ichore upya, kisha ukague midomo ya vikombe: haiwezi kufunguka kuliko meza yenyewe.

Mistari ni sahihi lakini kuna kitu hakikai. Geuza karatasi, uitazame kwa nyuma dhidi ya dirisha lenye mwanga. Kilichopinda kinajitokeza.

Umenakili picha ya simu na jengo limeinama. Lenzi pana ya simu huvuta vitu vya pembeni, na ukiinamisha simu nyuma ili upate paa, kuta huanza kukaribiana juu. Rudi nyuma hatua kadhaa, shika simu wima kabisa, upige tena. Kama kukaribiana huko ndiko unakotaka, basi unahitaji nukta ya tatu, juu ya jengo, na mistari yote ya wima iende kwake. Iweke mbali sana, nje kabisa ya karatasi, na ufunge uzi kwenye pini ya tatu. Imefaulu pale mtazamaji anapohisi shingo yake inainuka. Akiuliza kwa nini jengo limechongoka kama penseli, isogeze pini mbali zaidi.